Malindi Ina Wafalme, Gedi Ina Jumba

Julai 2024 biashara ya kutembeza watu kwenye makao ya wafalme ilipata habari mbili, moja Uskoti na moja kwetu Kilifi. Kule Uskoti, kasri la Balmoral, ambalo familia ya kifalme ya Uingereza imelimiliki tangu 1852, lilifungua vyumba vyake vya ndani kwa makundi ya wageni kwa mara ya kwanza. Tiketi zilikuwa pauni 100, au 150 kwa anayetaka na chai ya alasiri, na zote zilinunuliwa ndani ya siku moja. Mwezi huohuo, huko New Delhi, kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliuandikisha mji wa kale wa Gedi. Magazeti yakaandika, viongozi wakapongezana, na mabasi ya shule yakaendelea kuingia Gedi kama yalivyokuwa yakiingia siku zote.

Mtu anaweza kusema tofauti hii ni ya pesa na matangazo tu. Sidhani. Balmoral huuza mtu. Mgeni anataka kusimama alipokaa Malkia Elizabeth, aliyefia humo Septemba 2022, na mwongozaji ana jina la kumtajia katika kila chumba. Ndivyo matembezi ya Uskoti yanavyokwenda karibu yote. Katika jumba la Holyrood, Edinburgh, mgeni huoneshwa mahali ambapo David Rizzio, katibu wa Malkia Mary, alichomwa visu mwaka 1566. Jina lipo, mwaka upo, mlango waliopitia wauaji upo. Mwongozaji hodari huyaunganisha matatu hayo kwa dakika kumi, na mgeni anarudi kwenye basi akiwa ameshiba.

Pwani ya Malindi na Kilifi imegawiwa urithi wake kwa namna ya ajabu. Malindi ina wafalme tunaowajua kwa majina, kwa visa na kwa maadui zao, lakini nyumba zao hazipo tena. Gedi, kilomita kama 16 tu kusini yake, ina jumba zima la kifalme lenye kumbi, nyua, vyoo na ghala, lakini hakuna ajuaye jina la hata mfalme mmoja aliyelala humo. Wareno, waliokaa Malindi miaka mingi na kuandika mambo chungu nzima, hawakuutaja mji huo kwa jina tunalolitambua. Kwa hiyo upande mmoja tuna hadithi zisizo na kuta, na upande wa pili kuta zisizo na hadithi. Kazi ya mwongozaji wa pwani ni ngumu kuliko ya mwenzake wa Edinburgh, naye hulipwa na kuandaliwa kana kwamba ni rahisi zaidi.

Tuanze na kuta. Gedi ni eneo la ekari kama 45 ndani ya msitu, mji ulioanza karne ya 12 hivi, ukastawi karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman aliufukua kati ya 1948 na 1958, na mengi anayoyaona mgeni leo yanatokana na kazi ile, hata majina ya nyumba. Kirkman aliziita kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Kauri. Mwenye nyumba alipokosa jina, mkasi wake ukachukua nafasi yake. Ukitembea humo na mwongozaji mzuri unafahamu upesi kwamba vitu hivi ndivyo wahusika wa hadithi, maana watu wenyewe hawakuacha saini. Kaburi moja lina tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Karibu na hapo tarehe zinaishia.

Jumba lenyewe linataka kutazamwa polepole. Unaingia kwenye ukumbi wa wazi ambamo wenye mashauri walikaa wakingoja. Viti vya mawe bado vipo ukutani. Humo pia kuna vidaka vya taa. Kuna chumba cha hazina ambacho hakina mlango wa kawaida: aliyetaka kuingia alipanda hadi kwenye tundu la juu ukutani, akajitumbukiza. Watoto wa shule hukipenda chumba hiki kuliko vyote, na ni mahali pazuri pa kuwauliza ni kitu gani mfalme alikuwa akikificha, na alikuwa akimficha nani. Nyuma kuna nyua za wanawake na vyoo vyenye mahali pa kutawadhia. Nje, kwenye msikiti mkuu, juu ya mlango mmoja upande wa mashariki umechongwa mkuki wa bapa pana. Mtu akija Gedi akiwa amefundishwa kwamba mji huu ulijengwa na wageni kutoka ng'ambo, mkuki ule ni mahali pazuri pa kusimama na kumuuliza ni fundi gani wa Shiraz angeuweka juu ya mlango wa msikiti.

Hapa ndipo maneno ya mwongozaji yanapoanza kuwa na uzito. Wakati wa Kirkman ilikuwa kawaida kuisimulia miji ya pwani kama makoloni ya Waarabu yaliyopandwa kwenye ufuo wa Afrika. Tangu hapo watafiti kama James de Vere Allen, Mark Horton na Chapurukha Kusimba wameionesha kuwa miji ya Waafrika waliofanya biashara na dunia, wakasilimu na kuoana na wageni. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa enzi hizo, wengi wao waliozikwa pwani, baadhi yao Mtwapa, humuhumu Kilifi. Jibu lake halikumfurahisha kikamilifu mtu yeyote mwenye msimamo mkali: kwa wengi wao nusu au zaidi ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi, hasa upande wa akina baba, tangu karibu na mwaka 1000. Yaani wazee wa Kiswahili waliokuwa wakisema wana damu ya Shirazi hawakuwa wakijipamba tu, na waliosema hii ni miji ya Waafrika hawakukosea pia. Hadithi hii ni tamu, ina mama na baba ndani yake. Lakini maneno yanayouza zaidi bado ni "mji uliopotea", pamoja na kitendawili cha kwa nini watu waliuhama.

Sioni ubaya wa kitendawili. Ubaya ni kukiachia hapo. Sababu zinazotajwa za kuhamwa kwa Gedi zinaeleweka: visima kukauka (kuna kisima ambacho ilibidi kichimbwe tena kwenda chini zaidi), mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, na biashara ya bahari iliyovurugwa na Wareno. Mgeni mzima anaweza kupewa sababu tatu na kuachiwa azipime mwenyewe. Tena huo "uliopotea" ulimpotea nani? Wenyeji walikuwa wakiyajua magofu haya, wakiyaogopa na kuyaheshimu, muda mrefu kabla serikali ya kikoloni kuyatangaza mahali pa kihistoria mwaka 1927.

Kuna jambo jingine ambalo matembezi ya kawaida hayaoneshi kabisa. Gedi ina ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Majumba ya mawe, jumba la mfalme na msikiti mkuu yapo ndani ya ukuta wa ndani. Kati ya kuta hizo mbili waliishi watu walio wengi, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na leo hapana kitu juu ya ardhi isipokuwa miti na nyasi. Mgeni hupita hapo bila kusimama, akielekea langoni. Wale waliochota maji, waliochoma chokaa, waliobeba boriti za mikoko kutoka hori la Mida, wote wako chini ya hiyo njia. Kasri za Uskoti zina ugonjwa huohuo, ila huko siku hizi jiko na chumba cha watumishi huoneshwa pia, na wageni huvipenda. Kwetu ingetosha mwongozaji kusimama dakika tano kwenye nyasi.

Badala yake dakika hizo tano huenda kwa kima. Kima wa Gedi wamezoea watu, wanapanda mabegani kutafuta ndizi, na nina hakika wamepigwa picha nyingi kuliko kibla ya msikiti mkuu.

Sasa twende Malindi, upande wa hadithi zisizo na kuta. Matembezi ya mji huzunguka mnara wa Vasco da Gama, msalaba wa jiwe la Ureno juu ya mwamba unaoliwa na bahari. Kikanisa cha Kireno ambacho kinatajwa pamoja na mmisionari Francis Xavier, aliyepita Malindi 1542. Makaburi ya minara karibu na msikiti wa Juma. Nyumba ya Nguzo ambayo sasa ni makumbusho. Kisha soko na aiskrimu kwenye maduka ya Waitaliano. Angalia kilichobaki: alama ya mgeni, kanisa la mgeni. Mfalme aliyempokea da Gama Aprili 1498, akampa chakula na rubani wa kumvusha hadi Kalikut, hana hata jiwe lenye jina lake kwenye mzunguko huo. Kuhusu rubani, waongozaji wengi bado husema alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu. Wanahistoria wameliacha dai hilo zamani. Maandishi ya safari ile yanaelekeza zaidi kwa mtu wa Gujarati. Lakini Ibn Majid ana jina kubwa, na jina kubwa huleta bakshishi.

Malindi ilikuwa na sifa ya kupeleka zawadi mbali hata kabla ya hapo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China, akaoneshwa mbele ya mfalme wa Ming. Hapa ninaona nafasi iliyopotea wazi. Vipande vya vyombo vya China vimejaa Gedi, na kwenye makaburi ya minara ya pwani hii utaona matundu ya mviringo ambamo bakuli za Kichina zilipachikwa kabla ya kung'olewa. Twiga alikwenda kutoka upande mmoja, bakuli zikaja upande wa pili. Mwongozaji anayesimama Gedi na kipande cha bakuli angeweza kusema habari za twiga, na anayesimama Malindi akisema habari za twiga angeweza kuwapeleka wageni wakaone bakuli. Safari zinazouzwa hazimruhusu: Malindi mjini ni "matembezi ya mji", Gedi ni "nusu siku ya magofu na vipepeo", kila moja na bei yake na dereva wake.

Hasara kubwa zaidi ni ya ukoo wa wafalme wenyewe. Malindi ilishikamana na Wareno kwa sababu iliigombania pwani na Mombasa. Mombasa ilipovunjwa na Wareno wakaanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, ukoo wa Malindi ulihamishiwa Mombasa ukapewa ufalme wa huko. Sultani Ahmad akafuatwa na mwanawe Hasan, aliyegombana na kapteni wa ngome. Hasan akakimbilia bara, upande wa Rabai, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hila za Wareno, kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf, mtoto mdogo, akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kuwa mfalme katika mji wa baba yake chini ya watu waliomuua baba yake. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu na jina lake. Mwaka uliofuata aliiacha ngome, akaishia kuwa haramia wa baharini.

Niambie ni kasri gani la Uskoti lenye kisa kizito kuliko hiki. Malkia Mary wa Uskoti, ambaye maisha yake yanauza nusu ya tiketi za Edinburgh, hakupata kuiteka ngome ya walinzi wake. Lakini kisa cha Yusuf bin Hasan hakina mahali pa kukaa kwenye matembezi ya leo. Malindi hawakisimulii kwa sababu kilitokea Mombasa. Mombasa hukisimulia kama kisa cha Fort Jesus, ukoo wa Malindi ukitajwa kwa sentensi moja. Rabai, ambako Hasan alikufa, mgeni hupelekwa kuona makumbusho ya Krapf, mmisionari aliyeanzisha kituo chake hapo 1846. Hakuna anayeifuata hadithi hii kwa njia yake ya kweli, kutoka Malindi hadi Rabai hadi Fort Jesus, ingawa barabara zipo na zote ziko ndani ya kilomita kama 120.

Mnarani, juu ya hori la Kilifi, na Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, hayahitaji maelezo marefu. Yote mawili ni mazuri, yametulia, na mara nyingi utakuwa peke yako. Mnarani ina makaburi ya minara na mandhari ya hori. Jumba ina msikiti ufuoni kabisa. Ni vituo vya kupumzikia katikati ya hadithi ndefu, kama kungekuwa na hadithi ndefu.

Mandhari ya mashambani ni suala tofauti kidogo. Uskoti hutembeza watu kwenye mabonde matupu ya milimani, na ni mwongozaji mkweli tu anayesema kwamba utupu ule ulitokana na watu kuondolewa kwa nguvu ili kondoo wapate malisho. Bonde la Glencoe huuzwa pamoja na mauaji ya 1692, na bei haijashuka kwa hilo. Kilifi nayo ina mandhari iliyobeba watu wasioonekana. Korongo la Marafa, lenye mchanga mweupe, wa waridi na mwekundu, husimuliwa kama adhabu ya familia tajiri iliyooga maziwa huku majirani wakifa njaa: weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Wageni hupelekwa huko kabla ya magharibi, rangi zinapowaka. Korongo hili liko Magarini, na Magarini hiyohiyo, Bungale, ndiko alikozikwa Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka. Gari la watalii huenda Marafa na kurudi bila jina lake kutajwa, isipokuwa kwa mwongozaji anayejali.

Kaya ni kinyume chake, na hapa nadhani wanaotaka kufungua kila kitu wamekosea. Misitu hii ni makao ya zamani ya Wamijikenda. Kaya Fungo, makao makuu ya Wagiriama, Waingereza waliilipua 1914. Tangu 2008 kundi la kaya hizi limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na masharti ya wazee ni magumu: ruhusa, mavazi, mahali pa kukanyaga na pasipo. Kuna sababu. Vigango, vile vigingi vya kuchongwa vya kumbukumbu ya wafu, viling'olewa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa wa Marekani; viwili vya ukoo wa mzee Kalume Mwakiru, vilivyoibwa miaka ya 1980, vilirudishwa 2007 baada ya mtafiti aliyewahi kuvipiga picha kugundua kwamba vimo kwenye makumbusho. Katika kisa kile kilichovikomboa ni picha, lakini njia iliyoanza kwa wageni kuvitazama ndiyo iliyowaleta wanunuzi. Kaya ikisema hapana, mwongozaji asimame nje na aeleze kwa nini.

Msitu wa Arabuko Sokoke na hori la Mida ndiyo mifano inayotia moyo zaidi, kwa sababu huko watu wamepanga nani anafaidika. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gedi 1993, hununua pupa za vipepeo kutoka kwa familia zinazoishi kando ya msitu na kuziuza ng'ambo. Watu waliokuwa wakiutaka msitu ugawanywe mashamba wakapata sababu ya kuuacha usimame. Mida, kiingilio cha daraja la mbao juu ya mikoko kimesaidia karo za watoto wa sekondari. Na msituni, anayekutafutia bundi wa Sokoke au sange wa makalio ya dhahabu ni kijana wa hapo aliyejifunza sauti za ndege kwa miaka. Hulipwa kwa ujuzi, kwa sababu bila yeye huoni kitu.

Gedi mambo si hivyo. Ukuta utauona hata bila mwongozaji, na hapo ndipo mwongozaji anaponyonywa. Wengi wa wanaotembeza watu kwenye magofu hutegemea malipo ya kundi na bakshishi, wakingojea langoni zamu kwa zamu. Pesa nene za safari hubaki kwa dawati la hoteli, kwa kampuni ya magari, na kwa dereva, ambaye ndiye mpangaji halisi wa ratiba. Dereva akisema duka la vinyago lina vitu vizuri, kundi litakaa dukani dakika arobaini na Gedi dakika thelathini, kwa sababu duka humpa dereva komisheni na Gedi haimpi. Sheria ya utalii ya 2011 inataka waongozaji wasajiliwe, na chama cha waongoza safari kina madaraja yake ya shaba, fedha na dhahabu, lakini mfumo huo umejengwa zaidi juu ya wanyama wa mbugani. Unaweza kumtambua ndege kwa mlio na usijue mwaka Wareno waliondoka Malindi. Uskoti, mwongozaji mwenye beji ya buluu, ile ya waliofuzu, husoma kwa karibu miaka miwili, na sehemu ya mtihani wake hufanyika ndani ya basi linalotembea, mwalimu akisikiliza kama maneno yanaendana na kinachoonekana dirishani.

Sipendekezi tuwaige. Lakini jambo moja la kuiga lina faida: ujuzi wa pale umefungwa kwenye njia nzima, wala haukufungwa kwenye lango moja. Mwongozaji anapanda basi Edinburgh na kushuka nalo jioni. Kwetu, mwongozaji wa Gedi ni wa Gedi, wa Malindi ni wa Malindi, na kati yao kuna dereva anayecheza muziki.

Gedi, makumbusho ya Malindi, Mnarani, Jumba la Mtwana na Fort Jesus zote ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa hiyo hakuna sheria inayozuia tiketi moja na mwongozaji mmoja kwa siku mbili: Gedi asubuhi, Malindi alasiri, kesho yake Rabai na Fort Jesus. Kinachozuia ni hesabu. Dereva wa Malindi anayewashusha wageni Mombasa anarudi na gari tupu. Mwongozaji wa Gedi akiondoka siku mbili anapoteza zamu yake langoni. Duka la vinyago halimo njiani. Na mgeni anayeuliza leo hotelini Watamu kama kuna safari ya namna hiyo, kuna uwezekano mkubwa ataambiwa kwa upole kwamba Fort Jesus ni safari nyingine, bei yake ni nyingine, ila Gedi wanaweza kumpeleka kesho saa tatu asubuhi na kumrudisha kabla ya chakula cha mchana.